Maswali ya Wasomaji: Karabai, Senti za Tundu na Vingine vya Zamani

Barua za safari hii zimetoka Mwanza, visiwani na wilaya za jirani, na nyingi zinauliza jambo lile lile: nimekiona kitu cha zamani, nitajuaje kama ni chenyewe, na nikishakibeba nyumbani nikifanyeje? Penye kazi ya mikono tumejibu kwa kirefu. Pengine ndiyo au hapana inatosha.

Nataka kuanza kukusanya vitu vya zamani. Hapa mjini niende wapi, na niwe na nini mkononi?
*Msomaji, Nyegezi*

Anzia Mlango Mmoja, soko la mitumba, kwa sababu ukikosea huko umekosea kwa bei ndogo. Mabelo hufunguliwa asubuhi, na vizuri huondoka mapema: mikanda ya ngozi, saa za mkononi za kutia ufunguo, kamera za filamu, mikoba yenye zipu za chuma. Wenye meza huchambua gredi ya kwanza na kuitundika juu, bei nayo juu. Raha ya mtafutaji iko chini, kwenye lundo la chaguachagua, ambako muuzaji anataja bei moja kwa kila kipande bila kutazama alichokishika.

Lakini mgodi wenyewe ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kwa mafundi bati wa Makoroboi. Huko kila kitu kinaishia kwenye mizani. Jiwe la mizani la ratili moja, la shaba ya njano, kwa mwenye yadi ni gramu 454 za shaba, hakuna zaidi. Karabai nzima, ile taa ya mafuta ya kupampu, hupigwa nyundo ili chuma kitengwe na shaba. Kwa hiyo kazi yako ni kufika kabla ya nyundo. Mwachie mwenye yadi namba ya simu, mweleze unatafuta nini, mwambie asikivunje, na ukiitwa mlipe bei ya kilo na cha juu. Atakukumbuka. Vifuniko vya mitaro, nyaya za umeme na vyuma vya reli usiviguse hata ukipewa bure. Hivyo vina mwenyewe, na mwenyewe atavifuata.

Mfukoni weka sumaku ndogo (ya spika mbovu inatosha), tochi, lenzi ya kukuza mara 10, rula ya milimita, kimizani cha kusoma gramu kwa desimali mbili kama unapenda sarafu, betri mpya mbili za kujaribia redio, na noti ndogondogo. Sumaku inamaliza ubishi mwingi: ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ila usiitupe karabai kwa sababu sumaku imevutwa kidogo tu. Tangi la shaba lililopakwa nikeli huivuta sumaku kwa mbali, kwa kuwa nikeli yenyewe hunaswa na sumaku. Tofauti utaisikia mkononi: chuma hung'ang'ania, nikeli hugusagusa.

Na ukikiona kile ulichokuwa unakitafuta miezi yote, shika kwanza cha pembeni yake, uliza bei ya hicho.

Nimenunua karabai ya Petromax mwaloni Kirumba kwa mvuvi aliyehamia taa za sola. Nikipampu upepo hautulii, na mafuta yanapanda hadi kwenye mpini wa pampu. Fundi kaniambia tangi limekufa. Ni kweli?
*Msomaji, Kirumba*

Tangi huenda halina kosa lolote. Mafuta yakipanda kwenye pampu, na mpini ukijiinua wenyewe baada ya kuusukuma, mkosaji ni vali ya kuzuia upepo usirudi, iliyo chini kabisa ya bomba la pampu. Upepo kutoingia kabisa ni ugonjwa mwingine: ngozi ya pampu imekauka. Karabai zilizokaa bila kuwashwa mara nyingi huwa na yote mawili.

Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara. Legeza skrubu ya hewa mpaka mlio wa upepo uishe, mwaga mafuta, kisha toa pampu nzima. Mwishoni mwa fimbo kuna kikombe cha ngozi. Kikiwa kigumu na kimenywea, kiloweke usiku kucha kwenye mafuta ya mashine, kesho yake kitanue kwa vidole mpaka kingo zake ziguse bomba pande zote. Usitumie mafuta ya kupikia. Yatafanya kazi wiki chache, halafu yataganda na kunata.

Vali inatolewa kwa bisibisi ndefu yenye ncha pana inayojaa kwenye mfereji wake. Bisibisi nyembamba itakula mfereji huo na utabaki na vali isiyotoka. Ndani kuna springi ndogo na kipande cha raba. Raba ikiwa na alama ya duara iliyozama, igeuze upande wa pili. Mara nyingi hilo peke yake linatosha. Ikiwa imekuwa ngumu kama jiwe, kata nyingine kutoka raba ya oringi za injini, inayovumilia mafuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakata tyubu ya baiskeli. Mpira wa tyubu hunywa mafuta ya taa na kuvimba, na baada ya muda mfupi vali haifungi tena.

Ukisharudisha kila kitu, usitie mafuta bado. Pampu mara 30 tangi likiwa tupu, kisha paka povu zito la sabuni kwenye mfuniko wenye geji, kwenye skrubu ya hewa, na pale bomba la kuchemshia mafuta linapokaa juu ya tangi. Mapovu yakijitokeza, kaza robo mzunguko, upake tena. Chini ya bomba hilo kuna washa ya risasi, laini, ambayo hujifinyanga kufuata nafasi yake. Ukiikaza kwa hasira itapasuka.

Sasa tangi lenyewe. Kitako chake kinatakiwa kibonyee kuelekea ndani. Kikiwa kimevimba kuelekea nje, tangi liliwahi kuzidishiwa upepo, nalo hilo ndilo lililokufa. Vivyo hivyo likiwa na kiraka cha risasi ya kuunganishia. Lisafishe uliweke kabatini, usilipampu kamwe.

Likipita mtihani, tia mafuta ya taa robo tatu tu. Tangi la taa yenye mwanga wa mishumaa 500 linabeba lita moja, kwa hiyo kama mililita 750. Petroli hapana, hata tone, wala mafuta ya taa unayoyatilia shaka harufu yake. Pasha kwa spiriti, jaza kikombe chake mara mbili, acha kiungue mpaka kikaribie kuisha, ndipo utie upepo. Moto ukitoka wa njano wenye masizi, bomba halijapata joto: funga, toa upepo, anza upya. Mwanga unaopumua, unakua na kusinyaa, ni nozeli iliyoziba nusu. Zungusha gurudumu mara chache ili sindano ipite kwenye tundu lake.

Utambi, ile soksi nyeupe, ukishaungua mara ya kwanza hubaki majivu yaliyosimama. Usiuguse wala usiibebe taa kwa kuitikisa. Tambi za zamani zilitengenezwa kwa thoriamu, madini yenye mionzi hafifu. Ukikuta paketi zilizobaki, usivute vumbi lake na unawe mikono.

Kuhusu uhalisi: Petromax ya Ujerumani ina jina lililochorwa kwenye tangi. Nyingi za ziwani ni za Kichina, kama Anchor na Butterfly, zilizofuata umbo lile lile. Vipuri vyake vinalingana kwa macho, lakini hesi zake, yaani mistari ya skrubu, zinaweza kukaza katikati ya safari. Ikikaza, rudisha nyuma, usilazimishe. Wala msizidharau. Taa iliyovulia dagaa usiku wa giza, yenye ndoano ya waya iliyobuniwa na mvuvi mwenyewe, ina habari nyingi kuliko taa mpya ya Kijerumani iliyokaa sandukuni. Ile ndoano usiitoe.

Nina senti kumi ya tundu ya 1936. Jamaa anasema mfalme wa sarafu hiyo alitawala mwaka mmoja tu, kwa hiyo ni mamilioni ya shilingi. Niiuze wapi?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Pole, ndugu yetu. Habari ya mfalme ni ya kweli, ya mamilioni siyo. Edward VIII alianza kutawala Januari 1936 na akajiuzulu Desemba ya mwaka huo huo. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni, na huko ndiko uvumi ulikozaliwa. Lakini huku Afrika Mashariki senti tano na senti kumi zenye jina lake, EDWARDVS VIII, zilipigwa kwa mamilioni na zikatumika. Ni za kawaida. Tafuta iliyo safi, yenye herufi kali, uiweke. Utapata pia zenye H (kiwanda cha Heaton, Birmingham) na zenye KN (King's Norton), na kuzikamilisha zote ni raha isiyo na gharama. Kukosa kichwa cha mfalme nako si dalili ya uhaba. Senti za tundu hazikuwa na kichwa, tundu limekaa mahali pake.

Ukipenda fedha halisi, tazama shilingi ya simba. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, na zilizofuata kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Mizani haitakusaidia hapo, zote zinacheza kwenye gramu 7.8; soma mwaka.

Ya kuota usiku ni ya Tabora. Vita vya kwanza vya dunia vilipowakatia Wajerumani meli za kwao, walipiga fedha zao wenyewe Tabora mwaka 1916: heller 5 na heller 20 za shaba zenye herufi T, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo na Kilimanjaro nyuma yake. Heller 20 bado mtu anaweza kukutana nayo kwenye kopo la bibi. Mapigo yake ni ya haraka, kingo hazilingani, na hilo ni la asili, siyo kasoro. Ya dhahabu ukiletewa, chukulia ni bandia mpaka ithibitike. Uzito wake ni gramu 7.17, upana kama milimita 22. Ya shaba iliyopakwa dhahabu kwa upana huo huo itapungua uzito waziwazi.

Na tafadhali, majivu, ndimu na mchanga vibaki jikoni. Asidi ya ndimu inakula ngozi ya juu ya sarafu, ule weusi na wekundu uliojengwa kwa miongo, na mnunuzi anayejua anaona mara moja. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Hifadhi kwenye bahasha ndogo za karatasi. Mifuko ya plastiki laini huacha utando wa kijani.

Kijiko changu kimeandikwa EAR&H na nyuma EPNS. Ni cha fedha?
*Msomaji, Mabatini*

Si cha fedha. EPNS ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme. Utaona rangi ya njano inachungulia mgongoni, pale kijiko kinapokalia meza. Thamani iko kwenye zile herufi nyingine. EAR&H ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililotumia jina hilo kuanzia 1948 hadi 1969, reli na bandari zilipotenganishwa. Meli za ziwa hili zilikuwa chini yake pia, ikiwamo MV Victoria iliyoanza kazi 1961. Kwa hiyo huenda kijiko kilitoka kwenye behewa la chakula au kwenye meli, na ukiweza kupata kutoka kwa muuzaji jina la aliyekuwa nacho na kazi aliyofanya, liandike. Usikipake fedha upya.

Marehemu babu ameacha baiskeli nyeusi ya Raleigh yenye breki za vyuma. Vijana wanataka kuipaka rangi na kuibadilisha bushi. Tuwaache?
*Msomaji, Magu*

Rangi, wazuieni leo. Ile nyeusi yenye mistari ya dhahabu na nembo ya kichwa cha korongo ndiyo baiskeli yenyewe. Ikishapakwa juu yake hairudi. Ioshe kwa maji ya sabuni na kitambaa, kausha, paka nta. Kromu yenye kutu isugue kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyoloweshwa maji: aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo inaondoa kutu bila kukwaruza.

Hakikisha kwanza ni Raleigh kweli, maana nembo hubandikwa. Tazama gia kubwa ya mbele: ya Raleigh ina vichwa vya korongo vilivyokatwa ndani ya chuma. Kama hebu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni Sturmey-Archer ya gia tatu, ifute grisi na utafute tarakimu mbili za mwaka kwenye ganda lake. 62 ni 1962. Kumbuka gurudumu la nyuma huenda lilibadilishwa, kwa hiyo hiyo ni tarehe ya hebu, siyo ya fremu.

Kuhusu vikombe vya bushi ya pedali: Raleigh za Nottingham zilikatwa hesi 26 kwa inchi, wakati vikombe vya kawaida madukani ni hesi 24. Fundi asiyejua ataona kimeshika mizunguko miwili, ataongeza spana, na fremu itaharibika. Osheni vikombe vya zamani kwa mafuta ya taa, badilisheni gololi na grisi tu. Pini za krenki nazo zinavunjwa sana bila sababu. Tieni mafuta ya kulegeza usiku mzima, nati ilegezwe mizunguko michache ibaki pale kulinda hesi, krenki ikalie bomba nene la chuma kutoka sakafuni, ndipo nyundo moja nzito. Moja nzito ni salama kuliko kumi nyepesi.

Siti ya ngozi isinyweshwe mafuta, italegea kama chandarua. Tairi ni 28 kwa 1½, bado zinapatikana.

Nina kanga na vitenge vya viwanda vya Mwatex na Mutex, vingine doti haijakatwa. Vinanuka kabati na vina mistari ya mikunjo. Nifue?
*Msomaji, Pasiansi*

Dada, vilivyowahi kuvaliwa fua. Doti ambayo haijakatwa usiiloweke haraka, kwa sababu ule ugumu wa kiwandani ni sehemu ya ushahidi kwamba haijaguswa. Tatizo ni kwamba ugumu huo ni wanga, na mende wanaupenda. Kwa hiyo doti mpya itundike kivulini penye upepo siku nzima, igeuze, kisha iviringishe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa, badala ya kuikunja. Mstari wa mkunjo ndipo uzi unapokatika kwanza. Kama lazima ukunje, badilisha mahali pa mkunjo kila baada ya miezi michache.

Kabla ya kufua chochote, lowesha kipande cha pamba nyeupe, kandamiza dakika moja juu ya kila rangi upande wa ndani. Pamba ikitoka na rangi, hiyo haioshwi kwa kulowekwa. Isiyotoka, maji baridi, sabuni kidogo, bila kukamua, na kivuli.

Dawa za nondo hazina kazi kubwa hapo. Nondo hula sufu, siyo pamba. Jina la kiwanda mara nyingi limepigwa kwenye ukingo wa kitambaa. Usiukate ukingo huo wala kuupinda kwa cherehani.

Santuri zangu za Kiko Kids na Tabora Jazz zimepinda. Naweza kuzinyoosha kwa pasi? Na spiriti inafaa kuzisafisha?
*Msomaji, Igoma*

Pasi, hapana. Zilipinda kwa sababu zililazwa au ziliegemea ukuta chini ya bati. Zisimamishe wima, zibanane kiasi, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Iliyopinda kidogo bado inapigika.

Spiriti inategemea. Santuri nzito ya mizunguko 78, inayovunjika kama sahani, imetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Kwa santuri za aina zote tumia maji yaliyochemshwa yakapoa na kuchujwa, tone la sabuni, na kitambaa kinachofuata mduara. Lebo ya katikati isiguswe na maji.

Mgeni kutoka Ulaya anataka kununua kigoda cha zamani cha ukoo wetu na usinga wenye mpini wa pembe. Analipa vizuri. Kuna ubaya?
*Msomaji, Sengerema*

Upo. Usinga wenye mpini wa pembe ya ndovu usiuuze, usiununue, usiusafirishe. Sheria ya wanyamapori haiulizi ni wa mwaka gani. Ngozi, kucha na meno ni hivyo hivyo. Kigoda kinaingia kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kabla hakijatoka nchini, ulizeni Idara ya Mambo ya Kale kuhusu kibali, na muulize kabla ya kupokea fedha. Ushauri wetu zaidi ya sheria: nendeni Makumbusho ya Bujora, Kisesa, mkaone viti na ngoma za watemi vilivyohifadhiwa, mlinganishe na chenu, ndipo wazee wa ukoo wakae.

Cherehani ya Singer yenye namba inayoanza na EF ni ya Ujerumani? Inafaa kununuliwa?
*Msomaji, Buzuruga*

Ni ya Uskoti, kiwanda cha Clydebank. Herufi E ikifuatwa na herufi nyingine ilitumika huko kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Kabla ya bei, toa kibati cha chini ya sindano utazame chombo cha bobini. Kikiwa cha mviringo, nunua, bobini zake zinapatikana kwa mafundi. Kikiwa kirefu chenye umbo la risasi, hakikisha kimo ndani pamoja na bobini zake ndefu, la sivyo utakuwa na pambo. Zungusha gurudumu kwa mkono: ikikataa kabisa, mafuta ya zamani yameganda, dondosha mafuta ya taa kwenye matundu yote, subiri usiku, kisha mafuta ya cherehani. Maua ya dhahabu yafute kwa mafuta hayo hayo ya cherehani na pamba, kamwe siyo spiriti, maana vanishi iliyo juu yake ni shelaki na itaondoka pamoja na maua.